Mikaratusi Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi, kabla umande haujakauka kwenye majani ya migomba, Imelda alishuka chemchemini na dumu lake la njano. Njia ilipita kando ya shamba la maharagwe, ikakata katikati ya msitu mdogo wa mikaratusi ya baba yake, kisha ikateremka hadi kwenye ukuta wa saruji uliotokeza bomba la chuma. Hapo ndipo kilima kizima kilipochota maji. Imelda alikuwa na miaka kumi na miwili, mrefu kwa umri wake, msichana wa kusema kidogo na kutazama sana.

Miaka ya nyuma, kuchota maji hakukuwa kazi ya kumchelewesha mtu. Ulitega dumu, ukasalimiana na waliokuwepo, na kabla habari hazijaisha dumu lilikuwa limejaa. Kiangazi cha mwaka huu maji yalikuwa yamekonda. Yalitoka bombani kama uzi, na madumu yalijipanga kutoka ukutani hadi njiani huku wenyewe wameketi nyasini wakisubiri zamu. Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema mvua zilikatika mapema. Wengine waliwalaumu wafyatua matofali wa bondeni, ingawa wale walichota mtoni na hawakuwahi kuigusa chemchemi.

Elikana, mwenyekiti wa kamati ya chemchemi, alikuwa mtu mpole asiyependa kumkwaza yeyote. Aliwaambia watu kwamba kamati itakaa ilizungumze jambo hilo. Kweli, kamati ilikuwa imekaa kila kiangazi, na kila kiangazi ilikubaliana kusubiri mvua. Mvua zikinyesha, maji yalinenepa kidogo, watu wakarudi mashambani, na hakuna aliyekumbuka kuitisha kikao kingine.

Mtu aliyelalamika waziwazi alikuwa Mama Elyse, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kusini aliyeuza chai na maandazi katika senta ya Makebuko. Yeye alihitaji maji mengi kuliko wengine, na mara nyingi alifungua mkahawa wake jua likiwa limeshapanda. Imelda alimpenda kwa sababu hakuwahi kuruka foleni, hata siku ambazo wateja walikuwa wakimngoja mlangoni.

Baba yake Imelda, Leonardi, alikulia Tanzania katika kambi ya wakimbizi. Aliporudi Burundi na mkewe na binti yao mchanga, alirudishiwa shamba la marehemu baba yake, na sehemu ya shamba hilo ilikuwa mteremko mkavu juu ya chemchemi ambao haukuzaa hata muhogo. Mwaka Imelda alipoanza darasa la kwanza, Leonardi aliupanda mteremko ule mikaratusi. Miche mingine aliibeba begani kutoka Gishubi. Miti ilishika, ikanyooka, na sasa ilikuwa fahari yake. Jumapili baada ya ibada alipenda kutembea humo na watoto wake wawili, akipapasa mashina kama mtu anayepapasa ng'ombe.

"Huu ni shule ya bweni ya Imelda kule Gitega mjini," alikuwa akimwambia mdogo wake Imelda, Fredi. "Na ule pale ni bati la nyumba yetu. Tukivumilia miaka michache tu, itakuwa mbao nzuri."

Fredi alikuwa na miaka minne, na aliamini kwamba siku moja mti ule ungefunguka na kutoa bati.

Likizo kubwa ilipoanza, ilikuja habari kutoka Muyinga kwamba Shangazi Dorotea, dada mkubwa wa Leonardi, ameteguka mguu na hana wa kumsaidia. Mama yake Imelda alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, lakini alisema yeye angejimudu, Imelda aende. Basi Imelda alipanda basi Gitega mjini, akapita Karuzi akitazama vilima vikigeuka rangi kutoka kijani hadi rangi ya udongo, na jioni ile ile akawa anapika maharagwe katika jiko la shangazi yake.

Asubuhi ya kwanza aliuliza chemchemi iko wapi. Shangazi Dorotea alichukua mkongojo wake, akasema atamwonyesha, kwa kuwa haikuwa mbali. Walishuka polepole hadi kwenye ukuta wa saruji unaofanana kabisa na ule wa nyumbani. Bomba lilikuwepo. Mdomoni mwake buibui alikuwa amefuma utando, na chini, mahali ambapo maji yalipaswa kudondokea, palikuwa na vumbi na majani makavu.

"Hii ndiyo chemchemi," alisema Shangazi Dorotea. "Maji yenyewe sasa tunayachota kule kwenye kinamasi, nyuma ya kilima kile cha pili."

Imelda alijua uzito wa maneno yale siku hiyo hiyo, alipokwenda kinamasini na kurudi shingo ikimuuma na jua likiwa utosini. Maji yenyewe yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ilibidi yatulie, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe, na kuni za kuchemshia nazo zilitafutwa mbali. Siku zilivyopita aligundua kwamba katika kilima kile watu hawakuzungumza juu ya kitu kingine. Watoto wa rika lake walikuwa wameacha shule mmoja mmoja, hasa wasichana.

Jioni moja, wakimenya viazi vitamu uani, alimuuliza shangazi yake kwa nini chemchemi ilikauka. Dorotea aliweka kisu chini. Alisema kwamba juu ya ukuta ule zamani kulikuwa na mikaratusi mingi, ya watu mbalimbali. Ni mti mzuri, unakua haraka na kuuzika, lakini una kiu kubwa na mizizi yake inakwenda chini sana. Bwana shamba aliwaonya mapema, maji yakiwa bado mengi. Walikutana, wakakubaliana kwamba miti iondolewe, kisha kila mwenye mti akaomba aachiwe mwaka mmoja zaidi ili unenepe.

"Hakuna aliyekuwa mbaya, mwanangu," alisema. "Kila mmoja alikuwa na mtoto wa kusomesha au nyumba ya kuezeka. Na mimi nilikuwa mmoja wao. Tulisema mwaka mmoja, tukasema mwingine, mpaka asubuhi moja bomba likakohoa na kunyamaza."

"Na sasa je, Shangazi? Miti siioni tena."

"Tulikata baada ya maji kwenda. Tukang'oa na visiki, tukapanda mivumu, ile miti ya asili ambayo wazee waliipanda kuzunguka nyumba zao. Njoo kesho nikuonyeshe."

Kesho yake walipanda hadi juu ya ukuta. Kulikuwa na mivumu michanga, mingine haijamfikia Imelda kiunoni, na kati yake mitaro ya kukinga maji ya mvua. Dorotea alimwambia apige magoti, aondoe majani yaliyooza na kuchomeka vidole ardhini. Udongo wa chini ulikuwa na ubaridi, na vidole vilipotoka vilikuwa na unyevu.

"Haya ndiyo maji tuliyonayo kwa sasa," alisema shangazi yake. "Mwaka juzi hapakuwa na hata hayo. Pengine bomba litatoa tena ukiwa mtu mzima."

Imelda alikaa pale amepiga magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa akiifikiria mikaratusi mingine, iliyonyooka vizuri, ambayo mkono wa baba yake ulipenda kuipapasa.  Usiku alijifunika khanga ya shangazi hadi kichwani, akalia bila kutoa sauti.

Mguu wa Dorotea ulipopona, Imelda alirudi nyumbani akiwa amejiapiza kwamba atamwambia baba yake siku atakayofika. Hakumwambia. Alimkuta anacheka na majirani, akawaza kwamba si leo. Kesho yake alimkuta amechoka, akawaza tena kwamba si leo. Siku zikaenda hivyo, na kila alipopita katikati ya mikaratusi na dumu lake alitazama chini.

Kisha Fredi akaugua. Wakati Imelda yuko Muyinga, mama yao alikuwa ameshindwa kusimama kwenye foleni na tumbo lile kubwa, akawa anachota mtoni kule bondeni, na hata Imelda aliporudi dumu moja halikutosha, akaendelea. Mara nyingi aliyachemsha maji yale, lakini siku kuni zilipokuwa haba hakuweza. Mtoto alianza kuharisha damu. Leonardi alimbeba mgongoni hadi kituo cha afya, na Imelda akafuata nyuma na chupa ya maji ya chumvi na sukari, akimnywesha kidogo kidogo kila waliposimama. Macho ya Fredi yalikuwa yameingia ndani, na hakuuliza chochote njia nzima, yeye ambaye kwa kawaida haachi kuuliza.

Muuguzi aliwaambia kwamba wamewahi. Fredi alilazwa, akatundikiwa maji ya mshipa, na baada ya siku chache alianza kudai ndizi. Alirudi nyumbani mwepesi kama kifaranga. Mama yake hakumwachia tena, hata akiwa anapika.

Siku iliyofuata Leonardi alikwenda msituni kupunguza matawi ya chini, na Imelda akaenda naye kukusanya kuni. Walifanya kazi bila maneno mengi. Chini yao walisikia sauti za watu kwenye foleni. Imelda aliweka chini mzigo wake.

"Baba, kule Muyinga kwa Shangazi chemchemi imekauka. Juu yake kulikuwa na miti kama hii."

Leonardi aliendelea kukata. Imelda aliendelea kusema, kwa sauti ndogo, mpaka alipomaliza yote: bomba lenye utando wa buibui, kinamasi, wasichana walioacha shule, ule mwaka mmoja ulioombwa kila mwaka. Panga lilikuwa limeshasimama.

"Nani amekutuma uniambie haya? Elikana?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeona mwenyewe."

"Na unajua miti hii ni ya nini?"

"Najua, Baba. Ni shule yangu. Ndiyo maana nilinyamaza tangu nirudi."

Leonardi alimtazama binti yake, kisha akatazama juu, mahali vilele vilipokuwa vikiyumba kwa upepo. Imelda aliogopa kwamba angekasirika. Badala yake aliinama, akafunga kuni vizuri kwa kamba ya mgomba, akamrekebishia ngata kichwani, akamtwisha kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo. Akamwambia aende akamsaidie mama yake. Yeye mwenyewe alibaki msituni hadi wakati wa chakula.

Asubuhi hakuwepo. Mama alisema amekwenda Muyinga kwa dada yake. Imelda alimfahamu baba yake, mtu ambaye hawezi kuamini wala kukataa jambo mpaka aliguse kwa mkono. Aliporudi, aliketi kizingitini na kuvua viatu vyake vyenye vumbi. Alimweleza mkewe kwamba amechomeka vidole katika udongo ule, na kwamba amezungumza na watu wa kule, hata waliokuwa wameomba mwaka mmoja zaidi. Kisha akamwita Imelda.

"Nilipokuwa naipanda ile miti nilikuwa nakufikiria wewe," alisema. "Nilihesabu shule. Sikuhesabu maji. Na wewe utahitaji vyote viwili."

Jumapili ile, baada ya ibada, Elikana aliitisha mkutano chini ya paa la shule, na Leonardi akaomba kusema wa kwanza. Aliwaambia watu alichokiona Muyinga na kwamba yuko tayari kuikata mikaratusi yake. Watu wengi walipiga makofi, wakadhani mambo yamekwisha. Lakini Thomas, jirani ambaye mikaratusi yake ilikuwa upande wa pili wa chemchemi, alisimama na kusema kwamba anamheshimu Leonardi, lakini yeye ni mjane mwenye watoto wengi, na miti ile ndiyo kitu pekee kitakachowavusha. Alisema, kwa unyenyekevu kabisa, kwamba anaomba aachiwe mwaka mmoja tu.

Imelda, aliyekuwa amesimama dirishani na wenzake, alimkumbuka shangazi yake. Yalikuwa maneno yale yale.

Elikana naye alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kukubali, kwa kuwa hakupenda kumkwaza mtu, Mama Elyse aliposimama.

"Mi sina shamba hapa, na miti sina," alisema. "Lakini hii maji ikikauka, mi nafunga kazi, na we Thomas watoto yako watakunywa ya mtoni. Tuliona mtoto ya Leonardi. Basi tusimwachie Thomas mzigo yeye peke. Sisi wote tunakunywa hapa, sisi wote tumsaidie."

Hapo ndipo mkutano ulipoanza kweli. Watu waliacha kuulizana nani ana makosa, wakaanza kuulizana nini kifanyike mwaka huu, na nini mwaka ujao, na nini baada ya hapo. Walibishana mpaka njaa ikawauma. Mwishowe walikubaliana kwamba miti ya Leonardi na ya Thomas ikatwe yote kabla ya mvua, na visiki ving'olewe ili isichipue tena. Mteremko uchimbwe mitaro na kupandwa mivumu, na miaka itakayofuata kila kaya ipalilie sehemu yake. Kwa Thomas, watu wote watamlimia kipande chake cha chini, mbali na chemchemi, wampandie miparachichi ya kupandikiza ambayo itaanza kuzaa mapema kuliko mbao. Na mpaka maji yatakapoongezeka, wajawazito na wagonjwa wachote kwanza, bila foleni. Elikana aliyasoma mapatano yale kwa sauti, na safari hii aliwauliza wote siku ya kuanza kazi. Walisema Jumamosi.

Jumamosi ilipofika, Imelda alisimama pembeni akitazama mti wa kwanza ukiinama. Ulitoa mlio mrefu, ukalala, na harufu kali ya majani ikajaa kote. Leonardi alilipapasa shina, kisha akaendelea na wa pili. Miti iliuzwa kama nguzo za kujengea, kwa kuwa haikuwa imekomaa kwa mbao. Bati halikupatikana, na shule ya bweni ya Gitega ilibaki ndoto. Imelda angeendelea na shule ya kutwa pale Makebuko. Alihuzunika, si uongo, hasa alipoona rafiki yake mmoja akiondoka na sanduku lake. Lakini sasa hakutazama chini tena alipopita mteremkoni.

Mdogo wake wa kike alizaliwa mvua zilipoanza. Kilima kizima kilikuwa kimelowa matope, kikichimba mitaro na kushindilia miche. Thomas alikuwa mmoja wa waliopanda mingi zaidi.

Kiangazi kilichofuata hakikuleta muujiza. Foleni ilikuwepo, fupi kidogo tu. Wengine walikata tamaa, na Leonardi aliwaeleza tena na tena kuhusu ule udongo wenye unyevu. Kiangazi cha pili, maji hayakupungua tena tangu mwanzo wa ukame hadi mwisho wake. Mama Elyse alikuwa akifungua mkahawa alfajiri. Miparachichi ya Thomas ilikuwa imetoa maua.

Mwishoni mwa kiangazi hicho, kamati ilipita mteremkoni kuamua mahali pa kupanda miche mipya. Imelda alikuwa amekwenda kumpelekea baba yake chakula, mdogo wake wa kike akiwa mgongoni. Leonardi alimshika mkono, akamleta katikati ya watu wazima, mbele ya Elikana.

"Mimi nitayanywa maji haya miaka iliyonibakia," alisema. "Wewe na huyu mdogo wako mtayanywa miaka mingi kuliko sisi sote. Mtu anayeamua juu ya maji inampasa aamue kwa ajili ya wale watakaokuja kuyachota, hata kama leo itamuuma. Hilo umenifundisha wewe, na mimi nakurudishia ulishike. Haya, sema. Tupande wapi?"

Watu wazima walimgeukia. Imelda aliutazama mteremko kutoka juu hadi chini, bila haraka. Kisha akatembea hadi palipokuwa na uwazi kati ya mitaro miwili, akasimama pale na kuwaonyesha kwa mguu.